Mabibi Kumi na Tisa

Mwalimu Zuwena aliandika ubaoni:
Jumamosi kila msichana aje na vazi la kale.
Usiku ule Mchangani nzima
ilikuwa mikasi na gundi.

Mimi nilikata barakoa
kwenye boksi la biskuti,
nikaibandika karatasi za dhahabu za chokoleti
alizonipa Shemsa, mwenye dada Dubai.
Nikatoboa macho mawili,
moja likawa kubwa kuliko mwenzake.
Nikajitazama kiooni. Kweli nilikuwa bibi:
bibi wa roshani, wa udi na marashi,
bibi anayeita mara moja tu.

Bibi yangu hakucheka.
Alikuwa anachagua mchele.
Akapandisha miwani, akaishusha.
"Umependeza," akasema.
"Sasa nani atakushikia mwavuli?"

Akaburura sanduku la bati kutoka uvunguni,
akatoa kaniki
iliyopauka hata ikawa rangi ya masizi ya jana.
"Ya bibi yangu. Akiitwa Faida.
Usiniulize nani aliyefaidi."

Faida hakuruhusiwa kufunika kichwa.
Mitawanda ya bibi yake
(bibi kwa ile maana nyingine)
aliibeba kwapani, yeye miguu mitupu,
mpaka kizingitini.
Siku alipopewa karatasi yake ya uhuru
hakununua unga.
Alinunua leso, jozi.
Zama hizo leso hazijajifunza kusema,
hazina jina, mji na pindo tu.
Moja akajifunga, moja akajitanda,
akapita mbele ya nyumba ile ile
mara tatu,
hana anakokwenda.

Jumamosi ukumbi ukajaa mabibi.
Nilihesabu kumi na tisa,
wote barakoa, wote marinda ya mapazia,
wakigongana mabega kwa kutoona pembeni.
Hakuna wa mwavuli.
Hakuna wa kuteka maji wala wa kuchuma karafuu.
Mji mzima wa mabibi,
na jikoni hakufuki moshi.

Nikaingia na kaniki, mabega wazi,
ushungi wangu wa shule nimeuacha kwenye begi.
Mtu alicheka nyuma, halafu akaacha.
Mwalimu Zuwena akanijia mbio na mtandio wake:
"Mwanangu, kichwa!"
"Bado, Mwalimu," nikamwambia. "Hatujafika."

Nikavuka jukwaa na viatu vya Shemsa kwapani.
Nikaviweka chini. Nikarudi.
Ndipo nikaikunjua leso,
nikajitanda polepole,
pindo hili, kisha lile,
kama anayesoma herufi kwa mara ya kwanza.

Makofi sikuyasikia.
Nilimwona Bibi, kiti cha mwisho karibu na mlango,
amesimama,
anajitanda upya kanga yake,
na wala haikuwa imemwanguka.