Kitufe Kilichofutwa

Barua imeingia saa nane usiku, ya tatu mwezi huu,
adabu yake imepigwa pasi:
"Tunathamini juhudi zako. Programu haijakubaliwa."
Luku imekata, feni imenyamaza
(pesa ya umeme ilikwenda kulipa ada ya duka lao),
naisoma kwa mwanga wa simu ileile inayonikatalia.

Kosa langu ni kitufe kimoja.
Cha kijani, kona ya kulia, kimeandikwa POKEA.
Mtoto wa Tandika akitunga mchezo wa bao,
mwenzake wa Mbagala abonyeze, aupate,
aucheze, auvunje, aunde wake.
Basi.

Wanasema: msimbo usiingie kutoka nje
ukageuza kile tulichokikagua.

Nawaelewa. Wezi wapo.
Mama mdogo, Bi Sikudhani, alifungua faili la "zawadi"
na akiba ya kikoba ikayeyuka kabla chai haijapoa.
Mlinzi mlangoni simtukani.
Ila mmenipa jiko, mmenipa sufuria na mwiko,
mmesema pika upendacho,
kisha mkapiga misumari dirisha
ambalo jirani hupitishia chumvi.

Nikakifuta.
Mistari mia mbili na kumi, miezi miwili ya usiku wa Kijitonyama.
Nikatuma tena.
Kabla ya adhuhuri wakajibu: "Hongera."

Jumamosi nikaenda Tandika kuwaomba watoto radhi.
Tuisheni iko nyuma ya mashine ya kusaga,
unga umetua juu ya kila kitu, hata kope.
Nikamkuta Zamoyoni, miaka kumi na mmoja,
kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa,
daftari la hesabu mkononi, anasoma kwa sauti ya kushindana na mashine:

"Kama kete ni sifuri, fungua mabano.
Siyo hayo! Yale yenye kiuno.
Shuka mstari. Toa moja. Nukta mkato."

Simu nane zimeinama, nyingine kioo kimepasuka.
"Rudia wa tisa!"
"Nimerudia mara tatu, Shomvi, masikio umeyaweka rehani?"

Nikasimama mlangoni na radhi yangu mdomoni.
Hakuna kifungu kinachokataza mdomo.

Shomvi hakusikia "toa". Aliandika "ongeza".
Bao lake halina mwisho:
kila ukila kete, zinazaa,
zinajaa shimo, zinamwagika hadi ukingoni mwa kioo,
naye anacheka mpaka kamasi.

Dakika tano baadaye hakuna aliyetaka la Zamoyoni.
Alishuka kwenye ndoo, amenuna,
akamkabidhi Shomvi daftari:
"Haya, soma hilo kosa lako. Polepole."

Nikavuta gunia tupu la pumba, nikaketi,
nikaazima kalamu.