Pango Halina Miguu

Basi lilitushusha Viñales, penye udongo mwekundu,
mimi na mama, na mkate, na jamu ya mapera.
Miaka arobaini na mitatu hajakanyaga hapa.

Bandani kwa Evelio majani yaning'inia
jozi jozi, kama soksi za mapacha.
Evelio akasema: tisa kwa kumi ni ya serikali,
hili la kumi ndilo linalojua jina langu.
Mama hakumsikia. Alishachukua sindano ndefu,
anatunga jani, na jani, na jani bichi,
utomvu ukimganda vidoleni.

Tunachelewa pangoni, nikamwambia.
Pango halina miguu, akanijibu. Likimbilie wapi?

Ndani, mashua ilipita chini ya mawe yatoayo jasho.
Yoandri, kijana wa kasia, akazima taa
tulione giza lenyewe,
si lile la umeme kukatika,
hilo tumelizoea. Watu wakacheka.
Kisha hakuna aliyecheka.

Nikapapasa: maji, ubao, goti la mgeni.
Sikumwita. Nilivuta pumzi tu.
Tumbaku mbichi, kushoto kwangu,
na vidole vyake
bado vinatunga.