Mboga Gani?

Lilianza pajani, doa la zambarau
ukubwa wa kizibo cha soda.
Nikasingizia ukingo wa kitanda.
La pili likaja mkononi, la tatu nyuma ya goti,
na huko nyuma ya goti, niambie, kitanda kilifikaje?

Hapa Brooks, Alberta, theluji ina ukaidi wa mdai.
Miaka minne nimesimama kwenye mstari, kisu mkononi,
ng'ombe wakinipita wananing'inia, bila kichwa.
Novemba alipita mmoja, ngozi imeshamtoka,
na msuli wa bega bado unacheza,
unacheza kama jicho linalobashiri mgeni.
Nikamaliza zamu. Nikanawa.
Usiku nikamwambia Mbaruku: nyama, basi.

Hakubisha. "Kodi yetu inatoka kwenye nyama,"
akacheka, "na wewe utakula nini, mkate mtupu?"
Nikala mkate mtupu.
Mkate na chai, chipsi na chai, tambi na chai.
Pilipili hoho moja, Januari,
bei yake robo saa ya kisu changu.
Niliishika, nikainusa, nikairudisha.

Mama, kwa simu, kutoka Muheza:
"Unakula vizuri huko?"
"Siku hizi nakula mboga tu, mama."
"Alhamdulillahi. Mboga gani, kuku?"
"Mboga, mama. Mbogamboga."
"Ndiyo, si ndiyo nauliza. Dagaa?"
Lugha yetu ilikataa kuniachia mlango:
kinachosindikiza ugali, kwake, ni mboga,
hata kama ni fahali.

Doa la saba lilikaa juu ya kiwiko, pana,
kama alama ya vidole vinne.
Furaha, Mkongomani wa meza ya pili,
aliliona kantini, akanishusha mkono wa shati.
"Dada, ni yeye?"
"Nani?"
"Kwangu kuna kochi."
Nilicheka. Fizi zikatoka damu,
meno mekundu mbele yake.
Nani angeniamini?

Mbaruku, ambaye nzi humfungulia dirisha!
Watu walianza kumsalimia kwa ncha za vidole.
Akawa analala pembeni kabisa,
mikono chini ya mto,
asije akaniachia alama usingizini.

Daktari Sandhu alimwomba asubiri nje.
"Nyumbani uko salama?"
"Salama."
Akauliza tena, kwa njia nyingine.
Kisha akauliza ambalo hakuna aliyeniuliza,
si nimeacha nini:
"Unakula nini?"
Nikahesabu. Vidole vilibaki.

Yeye hajaonja nyama tangu azaliwe,
na ana mkono wa kupiga tanji.
"Kuacha ni nusu ya kazi," alisema.
Damu ikarudi na majibu: chuma haba, vitamini haba,
huenda ndiyo, huenda kuna lingine, tutapima tena.
Akatafuta jina la ugonjwa,
ule wa mabaharia wa zamani,
nami nikalitamka kabla yake, kwa lugha yangu:
kiseyeye.
Neno la bibi, la kutisha watoto wanaokataa ndimu,
limenifuata mpaka huku,
siku nzima ya gari kutoka bahari yoyote.

Sasa dengu zinalala majini usiku.
Mchicha wa barafu unagonga sufuria kama tofali.
Vidonge. Nusu chungwa kabla ya zamu, nusu baada.
Chai nimeihamishia alasiri, na inaninunia.
Kisu bado nakishika; kodi haina huruma.
Doa la kiwiko limegeuka kijani,
likawa manjano, kama ndizi inayojifikiria,
na Mbaruku hulipima kila asubuhi kwa jicho,
hagusi.

Jana Mama:
"Leo mboga gani?"
"Dengu, mama. Na mchicha. Na chungwa."
Kimya kirefu, kuku wakilia uani kwake.
"Haya. Na kitoweo?"