Haina Neno

Kwanza iwashe. Nenda nayo hadi kwenye kisima cha msikiti, urudi.
Oili ya baridi ni mpangaji mwenye deni:
unabisha hodi, hatoki.
Ipate moto kidogo, itashuka yenyewe.

Hili sikuambiwa Gerezani.
Gerezani fundi Mbaraka alifungua kwa patasi,
akafunga kwa nyundo, akachukua buku saba,
na springi ya chujio, ndogo kama ya kalamu,
ikalala mfukoni mwa ovaroli yake.
Pikipiki ikanizimikia Tazara,
abiria mgongoni, kapu la vibua mapajani mwake,
jua la saa nane.
Alishuka bila kunilipa na sikumlaumu.
Nikasema basi.
Mkono wangu mwenyewe ukiniibia,
najua unapolala.

Mara ya kwanza nyumbani, Yombo Vituka,
nilimwaga nusu lita uani,
pale pale Bi Sikudhani anapopepetea mchele.
Hakupiga kelele. Alileta jembe.
"Chimba. Udongo wako uhame nao."
Nikachimba mpaka giza,
wapangaji wenzangu wanakula wali
huku wakinihesabia makoleo.

Sasa nina akili, na akili yangu
yote ni ya kuokota.
Nikishamwaga ya chini kwenye beseni
naiegemeza kushoto, kwenye stendi yake,
nyumba ya chujio itazame juu kidogo
kama mtoto anayetiwa dawa ya jicho.
Kasha la unga, nimelikunja mfereji.
Chupa ya maji, nimeikata kiuno, ndiyo faneli.
Na mfuko mmoja wa rambo
uliojificha chini ya godoro tangu marufuku:
nauvaa mkononi, nalishika chujio,
navuta taratibu, naupindua mfuko.
Limo ndani.
Halikudondosha hata chozi.

Bolti tatu anazishika Tunu, darasa la sita.
Hazitii kwenye kopo kama nilivyozoea mimi.
Anazipanga juu ya mfuniko wa sufuria
vile vile zilivyokaa kwenye injini,
maana moja ni ndefu kuliko wenzake
na haisemi.
Ni yeye aliyemulika tochi, akanyamaza,
akamulika tena.
"Baba, mbona oringi ziko mbili?"
Ya zamani ilikuwa imeganda palepale,
nyeusi juu ya nyeusi,
na mpya ya fundi imelazwa juu yake.
Miezi saba pikipiki inalia
nami nailaumu barabara.

Nilichovya kidole kwenye oili mpya,
nikaipaka oringi moja, moja tu,
kama unavyompaka mtoto mafuta kabla ya shule.
Springi kwanza. Chujio. Kifuniko.
Kaza kwa vidole viwili,
hasira iache mlangoni.
Alumini haijui samahani;
ukishaula uzi wake utauza kitanda.

Oili chafu haitupwi.
Kasembe seremala anakuja na dumu lake,
anapaka nguzo za mabanda.
Mchwa wa Buza wote
wanaifahamu pikipiki yangu kwa harufu.

Usiku nikachana karatasi kwenye daftari bovu la Tunu,
nikaitandika chini ya injini
na jiwe kila pembe.
Sikulala vizuri. Mtu mzima
anaamka mara mbili kwenda kuchungulia karatasi.

Alfajiri nikainama na tochi, nikasoma:
hesabu za kugawanya,
tano zimekosewa,
kalamu nyekundu ya mwalimu.
Nyeusi hakuna.

Bi Sikudhani akapita na ndoo, akasimama.
"Vipi?"
"Haina neno," nikasema.

Akaweka ndoo chini.
Akaiokota karatasi, akaisogeza kwenye taa ya korido,
akaigeuza,
akasoma na upande wa pili.