Kabrasha la Nne

Kikao kimeanza saa tatu, Stavanger,
mvua ikipiga madirisha kwa ubavu.
Mezani kuna kahawa, mikate midogo ya iliki
na makabrasha manne:
kung'oa yote, kung'oa nusu, kuacha,
na la nne tupu. Hakuna aliyeuliza ni la nini.

Jukwaa lenyewe liko mbali, saa nzima kwa helikopta,
juu ya miguu mitatu ya zege
tangu mwaka niliozaliwa.
Visima vimezibwa. Inawaka taa moja tu
ya kuonya meli, na betri yake hubadilishwa kila Machi
na kijana aitwaye Eskil.
Anasema vyumbani bado mna taulo zimetundikwa.

Baba yangu, Sigvald, alilimimina zege lile
siku arubaini, usiku na mchana,
maana zege likisita hupata ufa,
na ufa ni mlango,
na bahari haipigi hodi.
Siku moja, akipara magamba ya samaki jikoni,
nilimuuliza: mlipanga kuliondoaje?
Akacheka hadi kisu kikamponyoka.
"Kuliondoa! Sisi tulikuwa tunaomba lisimame."

Oddlaug anasoma hesabu: tani laki tatu.
Tukiukata mguu kwa waya wa almasi
unaweza kuangukia usikotaka,
na mzamiaji ana watoto.
Mwanasheria anasema tuliahidi
kuiacha bahari kama tulivyoikuta.
Jorunn anaonyesha picha: matumbawe meupe
kwenye mguu wa pili, makubwa kama kichwa cha mtoto,
yamejiotea bila kibali cha mtu.
Na matangini, chini kabisa, lipo tope la mafuta
ambalo tunalikadiria.
(Kukadiria: neno letu la kulalia usingizi.)
Torgeir wa wavuvi hasemi kitu.
Amekuja na kipande cha wavu kilichoraruka,
amekilaza juu ya kabrasha la tatu, kinanuka.

Kuzaa si kazi, kazi kulea.
Haya, tumeyasikia.
Lakini ya kuvunja, mbona hawakutuachia methali?

Mwaka juzi Baba alivunjika nyonga.
Daktari akatia skrubu, kisha akaniita pembeni:
kuitoa ni hatari kuliko kuiacha,
ila lazima iangaliwe.
Na nani?
Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri.
Na wewe.

Saa saba. Mwenyekiti anataka sahihi yangu
na wote wanajua mimi ni binti ya nani.
Wanadhani nitaacha kwa mapenzi,
au nitang'oa ili wasiseme niliacha kwa mapenzi.
Najua kiasi gani kitatoka hazina,
yaani mfukoni mwa muuguzi anayemwogesha Baba.
Najua pia zege hili litakaa miaka mia nne,
pengine mia sita, likimeguka polepole
gizani, juu ya njia za nyavu.

Navuta kabrasha tupu.
Kalamu ya hoteli haiandiki, Torgeir ananipa yake.
Naandika mstari mmoja, nausukuma katikati ya meza,
karibu na wavu:

Mwaka wa mia tatu, mwezi Machi,
nani atakwenda kubadilisha betri?
Andikeni jina.