Athari Mbili

Karatasi ilikuwa ya Kiarabu, kurasa mbili,
na chini kabisa mstari mtupu ukinisubiri.
Daktari Binoy alisema Kiarabu chake cha Kerala,
nikakibeba hadi kitandani,
nikammiminia mama kwa Kiswahili, funda kwa funda.

Kuna dawa, nikasema, ina rangi ambayo jicho haliioni,
mashine ndiyo inayoiona. Itapita mshipani
wajue kama damu imeganda pafuni.
Ila wa kuitoa ni figo, na figo zako zimechoka.

"Zimechoka tangu lini? Mbona hazikuniambia?"

Thelathini na nane, alisema daktari. Kati ya mia.
Nikatafuta neno. *Hatari* lilikuwa kubwa mno,
neno lenye fuvu, kama kwenye nguzo za umeme kule Bujumbura.
Likanitoka *uwezekano*.
"Uwezekano ndio nini, Zuweina?
Sema itaniua au haitaniua."

Nikarudi kwenye karatasi. Nikasoma kwa sauti:
huenda zikatokea athari.

Mama akafumbua macho, mara ya kwanza tangu alfajiri.
"Athari ngapi?"

Msiomjua Ibra mnisamehe. Hapa athari ni maji.
Ni nusu saa ya falaji kuingia shambani kwako,
na babu, aliyekufa Bujumbura akiuza khanga na chumvi,
aliacha huku athari mbili, za usiku,
ambazo mama hakuzijua hadi alipofika na pasi mpya,
mtu mzima wa miaka arobaini, Kiarabu hana.
Binamu zake walimwonyesha zamu yake kwa vidole.
Saa nane za usiku akasimama na tochi
akisikia maji yanakuja, yanamjua.

Ningeweza kumsahihisha.

"Mbili, mama."
"Basi weka sahihi. Mbili zinanitosha."

Nikaweka.

Nesi Maricel akatundika dripu ya maji ya chumvi kwanza,
vidonge vya sukari nikaamriwa nivifiche siku mbili.
Mashine ikamwambia ashike pumzi, kwa Kiarabu,
akaishika kwa kuhisi tu.
Alipotoka alinivuta sikio:
"Nimejikojolea. Joto limeshuka mpaka chini,
mbele ya yule kijana, astaghfirullah."
Nikapapasa shuka. Kavu.
Ni dawa, mama. Inadanganya hivyo kila mtu.
Hakuniamini, na mimi ningemlaumu vipi,
siku ile, kwa kutoniamini?

Pafu lilikuwa safi. Hakuna kilichoganda.
Nilitakiwa nifurahi, nikafurahi
muda wa kutoka ghorofa ya chini hadi wodini.
Kisha nikaanza kuhesabu.

Jagi la plastiki, mistari ya mililita.
Mia na hamsini. Tisini. Sitini.
Kreatini mia na ishirini na nane,
kesho yake mia na sitini na moja.
Daktari akasema tungoje, mara nyingi hushuka yenyewe.
*Mara nyingi.* Hilo nalo sikumtafsiria.

Usiku wa tatu simu ikatetemeka kwenye mkoba.
Binamu Hamdun, kutoka shambani:
ilikuwa zamu yetu, amemfungulia mama maji
akarekodi, bila neno hata moja.
Nikaiweka simu juu ya mto.
Mchanga kidogo, chura mmoja, jiwe likiondolewa,
halafu yale maji.

Mama alisikiliza amefumba macho.
"Hiyo yangu?"
Yako.
"Ya kwanza au ya pili?"
Sijui, mama.

Akasikiliza mpaka ikakatika. Akanituma niirudishe mwanzo.
Katikati ya mara ya pili akanigusa mkono,
akanong'ona kama msichana mwenye haya:
"Lete lile jagi."

Mililita mia tatu na kumi.
Nimeandika daftarini, na saa nimeandika.
Damu ya alfajiri wameshachukua.
Majibu bado.