Kwa Uliyeichora Probox

Hukumjua Mbwarali wa Majengo Mapya.
Wewe ulichora kiti. Yeye alikileta kwangu
pamoja na leso ya marehemu mkewe,
ile ya korosho, pindo limechujuka.
"Nishonee hapa, pa abiria. Pasibaki patupu."

Nikashona. Sindano ilivunjika mara mbili
kwa ugumu wa plastiki yako.

Kisha akataka kulabu ya mkungu wa ndizi,
kishikio cha chini kwa ajili ya goti la mamake,
na taa ya samawati miguuni.
Hiyo sikuuliza ya nini. Alicheka tu.

Wenzako watasema ni mbwembwe.
Labda. Mlango nao hufungika bila nakshi;
nenda Mji wa Kale ukaulize
mbona waliuchonga.

Ombi langu dogo:
utakapochora tena, usimalize.
Acha matundu mawili ya skrubu yasiyo na kazi,
na mshono unaofumuka bila kutukanwa.
Gari hutoka kiwandani na nambari.
Jina hulipatia Kisauni,
kwa fundi, mafuta yakiwa mikononi,
nusu ya bei imelipwa,
nusu iko mdomoni.